Kupunguza upepo wa matairi kabla ya kuingia mchangani

Ndugu, nimeelewa tatizo lako: gari lako huzama mchangani ingawa magurudumu yote manne yanavuta, nawe unahofia kwamba kupunguza upepo kutaharibu matairi. Punguza, ila kwa kipimo.

Tairi lenye upepo mdogo hurefuka pale linapogusa ardhi, hivyo uzito wa gari husambaa na tairi hupita juu ya mchanga badala ya kuuchimba. Ikiwa kwenye lami unatumia PSI 35 (PSI ni kipimo cha shinikizo la upepo ndani ya tairi), anza na 25 kwenye changarawe na 18 hivi kwenye mchanga laini. Gari lenye mzigo mzito lisishushwe kiasi hicho. Toa upepo kidogo kidogo kwenye valvu na upime kwa geji kila mara, kwa sababu macho hudanganya. Mimi niliwahi kukwama mchana mzima, nikikanyaga mafuta hadi chasisi ikalala mchangani. Niliposhusha upepo hadi 16 na kufukua mchanga uliokuwa mbele ya magurudumu, gari lilitoka taratibu.

Chini ya 15 sikushauri, kwani kona moja ya ghafla inaweza kulichomoa tairi kwenye rimu. Endesha polepole, na usikimbie kwenye lami kabla ya kujaza tena, maana tairi lenye upepo mdogo hupata joto na linaweza kupasuka. Kwa hiyo usitoe upepo wowote kama huna pampu garini. Ukiona ubavu wa tairi umevimba au umechanika, weka tairi la akiba na umwone fundi.