Wasomaji Wanauliza: Mbona Nafungwa Kila Jumapili?

SWALI: Mhariri, mimi na jamaa zangu watatu hapa Sinza hukutana kila Jumapili jioni kucheza Hansa Teutonica, mchezo wa ubao unaohusu wafanyabiashara wa Ujerumani katika Zama za Kati. Nimekulia kwenye bao, na barazani kwetu sikuwa mtu wa kufungwa ovyo, lakini huku nafungwa kila wiki. Nafungua ofisi mijini mapema kuliko wote, kisha katikati ya mchezo naachwa nyuma, na kete zangu zikiondolewa njiani naona nimeonewa. Nakosea wapi? Na mbona mchezo wa biashara hauna bidhaa hata moja?

JIBU: Ndugu yetu wa Sinza, tuanze na hesabu. Kila mchezaji huanza na hatua 2 kwa zamu. Njia ya kuunganisha miji miwili, yenye nafasi 3 za kete, inahitaji hatua 3 za kuweka kete na hatua 1 ya kuikamilisha, kwa hiyo wewe mwenye hatua 2 unaimaliza kwa zamu mbili, na kati ya zamu hizo wenzako wote watatu wamekwisha kupata nafasi ya kukuingilia. Aliyefikia hatua 4 anaijaza na kuikamilisha kwa zamu moja, kabla hujanyanyua mkono. Ofisi zako za mapema si kazi bure, maana anayeutawala mji hupata pointi 1 kila njia inayougusa inapokamilika, hata ikikamilishwa na mwingine. Lakini ofisi haikuongezei hatua. Hatua zinatoka Göttingen, mmoja wa miji ya ubaoni, ambako anayekamilisha njia inayoingia mjini humo anaweza kuacha kufungua ofisi, akajiongezea uwezo badala yake. Mara ya kwanza utafika 3, na 4 huipati mpaka mara ya tatu, kwa hiyo jambo hili halitaki kucheleweshwa.

Kwa kuwa kila mchezaji mzoefu analijua hilo, njia za Göttingen hujaa tangu zamu za mwanzo, na hapo ndipo tunapofika kwenye malalamiko yako. Nadhani bao ndilo linalokupotosha. Katika bao, kete zikiliwa zimehamia upande wa aliyekula, zinakwenda kumjenga yeye. Huku mambo ni kinyume. Anayetaka nafasi yenye kete yako hutumia hatua 1, huweka kete yake, na juu ya hapo hutoa kete nyingine kutoka mkononi mwake kwenda kwenye akiba ya wote. Wewe unaichukua kete yako iliyoondolewa, unaongezewa nyingine kutoka kwenye akiba, na zote 2 unaziweka kwenye njia jirani bila kutumia hatua hata moja. Kwa mtu ambaye bado ana hatua 2, hiyo ni sawa na zamu nzima aliyopewa bure. Ikiwa iliyoondolewa ni kete ya duara, si ile ya kawaida ya mchemraba, mwenzako hutoa 2 na wewe unaongezewa 2.

Basi usisubiri kuondolewa. Jiweke njiani kwa makusudi. Weka kete moja tu pale unapojua mwenzako hana budi kupita, kisha geukia shughuli zako nyingine. Akikuondoa, chagua kwa makini utakakohamia, kwa sababu kete 2 zilizotua kwenye njia unayoihitaji zimekubakizia kazi ndogo sana. Asipokuondoa, njia yake imefungwa.

Kuhusu bidhaa, ni kweli kwamba Andreas Steding, aliyebuni mchezo huu uliotoka mwaka 2009, hakuweka chumvi wala samaki. Muungano wenyewe wa Hansa, yaani wa hao wafanyabiashara wa Ujerumani, ulivifanyia biashara vyote viwili: chumvi ya mji wa Lüneburg ilipelekwa bandari ya Lübeck, na kuanzia mwaka 1398 ilipita kwa mashua katika mfereji wa Stecknitz, ili itumike kuhifadhia samaki aina ya heringi waliovuliwa pwani ya Skåne, ambayo leo ni kusini mwa Sweden. Hata hivyo, naona mbunifu alichagua vizuri. Nguvu ya wafanyabiashara hao ilitokana zaidi na haki maalumu walizopewa na watawala wa ugenini, na vituo vyao vikubwa vya London, Bruges, Bergen na Novgorod, kuliko mzigo wowote mmoja. Ndiyo maana ubaoni mnagombea njia, ofisi na haki, na ubao wa kila mchezaji una safu nzima iitwayo Privilegium, yaani haki maalumu, ambayo huongezwa kwa kukamilisha njia ya kuingia mji wa Stade.