Barua kwa mwanangu: nani alianza kulipa walimu?

Mwanangu mama,

Vokali yako ya jana usiku, ule ujumbe wa sauti, nimeisikiliza mara mbili. Unaniuliza eti kwa nini mtoto amemaliza primeri bila kulipa na sasa anaingia ya saba, shule ya Leta, yaani ya serikali, na prefe, mkubwa wa shule, anakupa karatasi ya dola za kulipa, wakati mimi kila siku najisifu hapa kwamba sisi tulisoma bure. "Mama, mlilipa ao hamkulipa?" Nilicheka kwanza, halafu nikaona heri niandike, juu ku vokali nitasahau nusu.

Tulilipa na hatukulipa. Miaka minne ya kwanza tulitoa minervali, ada ya shule, kidogo tu, pesa ambayo babu yako alikuwa anaitoa mfukoni bila kuhesabu. Miaka miwili ya mwisho mambo yaligeuka, na ile siku yalipogeuka babu yako alikuwa mu ile klasi, ameketi kabisa ku banki yangu.

Lakini kwanza ujue hii shule ya Leta yenyewe si kitu cha zamani sana kwetu. Wakati wa Wabelgiji masomo yalikuwa mikononi mwa mapadri na masista na mapasta, usipopita kwao mlango wako ni mgumu. Ni kuanzia 1954 waziri wa makoloni, Auguste Buisseret, mtu wa chama cha Waliberali, alianza kufungua mashule ya Leta yasiyo ya dini ambamo mtoto mweusi aliweza kuingia pamoja na mtoto mweupe. Wamisionari walikasirika sana. Zile za Leta za sekondari ziliitwa atene, njo maana wazee wa hapa Bukavu wanasema Atene mpaka leo hata kama ku ukuta wameandika Institut. Kisha Mobutu naye, mwisho wa 1974, akachukua mashule yote, ya padri, ya protestanti, yote ya Leta. Ikamshinda. Tarehe 26 Februari 1977 akatia sahihi mkataba na makanisa: ninyi mtasimamia, Leta italipa walimu. Kwa hiyo hata ile ya masista unayosema ni ya "privé", kama ni konvensione, yaani ya kanisa chini ya ule mkataba, ni ya Leta, na mwalimu wake mshahara wake unapaswa kutoka Kinshasa. Shika hapo ku Kinshasa, tutarudi.

Mimi niliingia ya kwanza sekondari 1988. Sitaandika jina la shule, unalijua. Kutoka Kadutu kwetu mpaka Ibanda, zote za hapa Bukavu, kwa miguu, viatu mkononi kama mvua ilinyesha usiku juu lile tope jekundu la Kadutu halitoki, unafika karibu na shule unanawa miguu ku bomba ya watu, unavaa viatu, unaingia na blu na nyeupe yako kama mtu aliyeshuka mu gari. Asubuhi drapo, bendera inapanda, tunaimba La Zaïroise, wimbo wa taifa wa wakati ule, kisha nyimbo za kumsifu Raisi na kupiga makofi mpaka mikono inauma, na prefe hakuitwa Monsieur, alikuwa sitwayen prefe, yaani mwananchi prefe. Ukichelewa unapewa kupekupe, panga la majani, unakata majani mpaka rekreasio. Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu akasema chama kimoja kimekwisha, na polepole zile nyimbo zikakatika, na siku moja mwenzetu moja akamwita prefe "Monsieur" mbele ya kila mtu, tukanyamaza tukingoja kofi, prefe akaitika tu. Mimi hiyo njo naikumbuka kuliko hotuba yenyewe.

Basi pesa ikaanza kufa. Wewe hukuona zaire, pesa yetu ya wakati ule, ikifa. Bei ya asubuhi si bei ya jioni, mama yangu alikuwa anauza sambaza ku soko na anarudi na mfuko wa noti umejaa ambao kesho hauwezi kununua sambaza zilezile. Mwanzo wa 1993 walileta noti ya milioni 5, wauzaji wakaikataa, na Kinshasa askari waliolipwa na hiyo noti wakapora mji. Sasa fikiri mwalimu. Mshahara ukifika, kama unafika, umekwisha kuwa karatasi. Profesa wetu wa fizikia alikuwa anakuja na vipande vya chaki amefunga mu kitambaa kama dawa, na miwani yake mkono moja ulikuwa uzi. Halafu hawakuja tena. Greve, mgomo wa walimu. Tunafika, tunaimba drapo, tunarudi nyumbani.

Mu ule mwaka wa 1992-93 wazazi wakaitwa. Mimi nilikuwa inje, chini ya dirisha, na wenzangu. Wazazi wameketi ku mabanki yetu, magoti juu, na mvua ikaanza kupiga mabati, na unajua mvua ya Bukavu, prefe hakuweza kusema kitu, wakakaa karibu saa nzima wanaangaliana. Ilipotulia prefe akasema tusipofanya kitu mwaka wa watoto umekufa. Watu wakanung'unika, moja akasema hiyo ni kazi ya Leta, na alikuwa na haki. Njo babu yako akasimama, na yeye si mtu wa kusema mu mkutano, fundi cherehani wa Kadutu, akasema: "Cherehani bila mafuta inakwama. Tutie mafuta mwaka huu moja, mpaka Leta irudi." Wakapiga makofi. Hivyo wakaanza kulipa "primu", pesa ya wazazi ya kulipa walimu, na si sisi peke yetu, ilikuwa vile mu inchi karibu yote.

Mwaka huu moja! Wewe mwenyewe unahesabu ni mingapi sasa.

Mwaka uliofuata, mimi niko ya sita bioshimi, wateja wa babu yako walikuwa wamekwisha, nani anashona nguo hana unga. Nikafukuzwa. Ile liste ya wasiolipa primu ilisomwa na profesa yuleyule wa fizikia, na alisoma jina langu bila kuinua macho ku karatasi. Nikabeba kaye zangu. Nilikasirikia babu yako, si profesa, kwa sababu yeye njo alisimama! Hakunijibu. Usiku alienda kumuona profesa kwake, sijui walisema nini, nikaona tu kipande cha kitambaa cha kijivu ku meza ya cherehani na vipimo vimeandikwa ku boksi la sigara. Baada ya wiki moja nikarudishwa mu klasi. Profesa aliingia na suruali mpya ya kijivu, imepigwa pasi, na klasi nzima ikasema "eeeh Prof!" na mimi nikainama ku kaye, juu ule mkunjo wa chini niliujua, nilikuwa nimeshika taa babu yako akiushona.

Tukafanya ekzame ya Leta ya kumaliza sekondari, siku nne, tumechanganywa na watoto wa mashule mengine. Julai 1994 wakimbizi wa Rwanda wakavuka Ruzizi wakajaa mji mzima, mabarabara, makanisa, mashule. Pudre yangu ya kufaulu nilimwagiwa mu lupango, uwanja wa nyumbani, watu kumi, bila kelele, haikuwa wakati wa kelele.

Sasa ya mtoto. Ile bure ya Septemba 2019 ilikuwa ya primeri, na Konstitisio ya 2006, artikle ya 43, inasema primeri vilevile. Ya saba iko sekondari, njo pale prefe anakungojea. Usiende kumpigia kelele. Muulize karatasi ya Gavana inayoonyesha frais, malipo ya shule, za mwaka, ulinganishe mstari kwa mstari na ile aliyokupa, kilichozidi mwambie kwa heshima hutalipa, na udai risiti yenye muhuri.

Ya trimestre ya kwanza nimekutumia dola 40 ku Airtel Money, angalia kama imeingia. Papa yako usimwambie, yeye bado anasema Leta itarudi.

Mama yako