Uliza Mwalimu: Baraza la ardhi limeninyima makaratasi, nifanyeje?

Mwalimu shikamoo. Mi ni Mtanzania niko Darwin, Australia, mwaka wa tatu sasa, mchana natunza wazee usiku nasoma masta. Risechi yangu ni jinsi mabaraza ya ardhi ya Waaborijini, wenyeji wa asili wa huku, yanavyojiendesha, nani anaamua nini na hela za mrabaha zinagawiwaje. Basi nikaandika imeili kwa baraza moja huku Northern Territory, nikawaambia kwa mujibu wa sheria ya uhuru wa habari naomba minitsi zote za miaka kumi, barua zote na mikataba yote. Jibu likaja mistari miwili, eti sheria hiyo haiwahusu. Mwalimu huu si ufisadi wa wazi kabisa? Supavaiza anasema nibadilishe mada na mimi sitaki. *(Mkereketwa, Darwin)*

Marahaba mwanangu. Kwanza poa moto, kunywa maji, maana hapo hujadanganywa. Wamekujibu kifupi kama watu waliochoka lakini wamekujibu ukweli.

Ile sheria ya uhuru wa habari ya 1982, FOI kwa kifupi, ya serikali kuu ya Australia, ina jedwali huko nyuma kabisa ambako wasomaji wengi hawafiki, na ndani yake kuna orodha ya taasisi ambazo sheria hiyo haizigusi. Utakuta mashirika ya ujasusi, utakuta Mkaguzi Mkuu, na hapo hapo utakuta Mabaraza ya Ardhi ya Waaborijini pamoja na trasti zinazoshika hizo ardhi. Mi nilipoiona mara ya kwanza nilicheka peke yangu, nikajiuliza wazee wa Kiaborijini wa visiwa vya Tiwi na majasusi wamekutania wapi.

Ukiangalia historia lakini utaona haikuja hivihivi. Mwaka 1966 Wagurindji, jamii mojawapo ya Waaborijini, waliacha kazi kwenye ranchi ya Wave Hill, wengi walidhani ni mgomo wa mishahara tu kumbe walikuwa wanadai ardhi yao, wakakaa hapo miaka mpaka Agosti 1975 waziri mkuu Gough Whitlam akaenda akamimina mchanga mkononi kwa mzee wao Vincent Lingiari, ishara ya kuwarudishia ardhi, na mwaka uliofuata, 1976, ikapita sheria ya haki za ardhi ya Northern Territory. Mabaraza yamezaliwa na sheria hiyo. Leo yako manne: Northern Land Council hapo hapo Darwin kwako, Central Land Council ya Alice Springs, Tiwi, na Anindilyakwa ya kule Groote Eylandt. Kazi yao kubwa ni kuwasemea wenye ardhi wa jadi mbele ya serikali na kampuni za madini, na hawaruhusiwi kukubali mradi kwenye ardhi ya watu mpaka wenyewe waelewe na waridhie. Sasa fikiria mtu ana kesi na serikali halafu faili la wakili wake liwe linafunguliwa na yeyote aliyetuma imeili. Mi kwa hilo naona wana hoja, ingawa najua wapo watakaonirushia mawe.

Kwenye hela hapo nakuunga mkono. Madini yakichimbwa kwenye ardhi ya Waaborijini huko, serikali kuu inaweka kiasi sawa na ule mrabaha kwenye akaunti maalumu, na akaunti hiyo ndo inalipia mabaraza yaendeshwe na ndo inatoa malipo kwa watu ambao uchimbaji umewagusa. Manganizi ya Groote Eylandt peke yake imeleta hela nyingi kwa kisiwa chenye watu wachache. Kwa hiyo swali lako la nani anaamua na nani anagawa ni swali halali, mlango ulioubisha ndo siyo. Supavaiza asikutishe.

Karatasi nyingi za baraza hazikai kwa baraza peke yake. Bajeti zao zinapita kwa waziri. Wakala wa serikali unaoitwa National Indigenous Australians Agency, wenyewe wanauita NIAA, upo tangu Julai 2019 na wenyewe FOI inawabana kama kawaida. Barua walizoandikiana na baraza, makaratasi ya kumuandaa waziri kabla hajasaini makadirio ya bajeti, hizo ziko kwenye makabati ya NIAA na zinaombeka. Baraza likitajwa humo inabidi liulizwe maoni, na hapo wakala unaongezewa siku 30 za kuamua, lakini kuulizwa maoni siyo kupewa funguo, anayeamua ni wakala.

Ila usikimbilie kuomba kabla hujasoma yaliyo wazi. Hapa ndo wanafunzi wengi mnanivunja moyo jamani. Mkaguzi Mkuu wa Australia, yule sawa na CAG wetu, mwaka 2023 alitoa ripoti za ukaguzi wa uongozi wa mabaraza yote manne, moja moja, ziko onlaini bure. Humo kuna mgongano wa maslahi unavyoshughulikiwa, vikao vinavyoendeshwa, malipo yanavyotoka, yaani nusu ya risechi yako watu wengine wameshaifanya na kalamu nyekundu. Halafu kila baraza lina ripoti ya mwaka inayopelekwa bungeni, na wakubwa wa mabaraza wamekaa mbele ya kamati ya Seneti wakahojiwa kuhusu matumizi, maneno yao yameandikwa kwenye Hansard, kumbukumbu rasmi za bunge, neno kwa neno. Ukishasoma ndo utajua ni karatasi gani inakosekana, na hiyo moja ndo unaiomba.

Maana ombi lako la kwanza, nisamehe mwanangu, lilikuwa baya hata kama ungelipeleka mahali sahihi. Minitsi zote barua zote mikataba yote miaka kumi! Sheria inawaruhusu kukataa ombi linalokula muda wao kupita kiasi, ila kabla ya kukataa lazima wakuandikie wakupe siku 14 ulipunguze. Andika hivi, kwa Kiingereza bila shaka: kwamba unaomba chini ya FOI Act ya 1982, unataka barua kati ya wakala na baraza fulani zilizohusu kupitishwa kwa makadirio ya mwaka wa fedha fulani, kuanzia tarehe hii hadi tarehe hii, hutaki nakala zinazojirudia, na namba za simu na majina ya stafu wadogo wanaweza kuyafuta. Hiyo sentensi ya mwisho ni ndogo lakini inaokoa wiki, kwa sababu bila hiyo wanaanza kuulizana habari za faragha ya mtu ambaye hata humhitaji. Weka anuani ya kukujibu, imeili inatosha.

Hakuna ada ya kuomba. Ndani ya siku 14 wakuambie wamepokea, ndani ya siku 30 wakupe uamuzi. Saa tano za kwanza za kufanya uamuzi ni bure, zikizidi wanaweza kukutoza na unaruhusiwa kulia shida wapunguze. Karatasi zitakuja na madoa meusi pale walipofuta maneno, zoea. Ukiona wamefuta hadi siyo, una siku 30 za kuomba hao hao waangalie upya, au siku 60 za kwenda kwa Kamishna wa Habari. Huko kwa Kamishna foleni ni ndefu, nakuambia mapema usije ukapanga kugradueti kwa kumtegemea yeye.

Na minitsi zenyewe? Sheria ya 1976 inasema wamiliki wa jadi na Waaborijini wanaoishi eneo la baraza wana haki ya kwenda kusoma kanuni za vikao na minitsi bure, isipokuwa zile zinazomjadili mtu binafsi. Wewe siyo mmoja wao. Ina maana uongozi wa baraza una wa kuuuliza, na wa kuuuliza ni wenye ardhi. Nenda kawaone watu, kaa nao, uliza wanaonaje, pengine hiyo ndo risechi yenyewe. Lakini kabla hujapanda gari kumbuka ardhi hizo haziingiwi bila pamiti, na pamiti inaombwa kwa baraza hilo hilo ulilotaka kulishtaki, kwa hiyo imeili ya pili iwe na adabu kuliko ya kwanza.

Habari Mwalimu. Mimi ni Mkenya nimeolewa huku Australia, jimbo la New South Wales, mume wangu ni Mwaborijini na ni memba wa baraza la ardhi la mtaani kwao. Wanalalamika sana nyumbani kuhusu lile baraza kubwa la jimbo, safari, hoteli, lakini ukiuliza nani ameona risiti hakuna. Je anaweza kudai? *(Mama Wawili, New South Wales)*

Mama Wawili, wewe uko nchi ile ile ila sheria tofauti kabisa, kwa hiyo yote niliyomwambia huyo wa Darwin yaweke pembeni.

Kwenu kuna sheria ya haki za ardhi ya 1983, mabaraza ya mtaani kama 120 hivi na juu yao baraza la jimbo. Lile la jimbo lilijengwa na hela ya kodi ya ardhi, asilimia 7.5 kila mwaka kwa miaka 15 mpaka 1998, sehemu ikawekezwa na sasa linakula faida ya uwekezaji. Ndo maana utasikia watu wakisema hela yetu, siyo hela ya serikali. Wana haki kusema hivyo, na mwenye hela haoni haya kuuliza.

Sheria ya habari ya New South Wales ni ya 2009, watu wanaiita Gipa, na baraza la jimbo liko chini yake. Aanze kwa kuomba tu kawaida, imeili fupi, hiyo haina ada na wakati mwingine inatosha. Wakikaa kimya ajaze ombi rasmi, dola 30, wao wana siku 20 za kazi, zinaweza kuongezwa kidogo. Wakichelewa bila kuongeza kihalali inahesabika wamekataa na wanamrudishia hela yake. Gharama za kutafuta ni dola 30 kwa saa, ile saa ya kwanza imeshaliwa na ada, na mwenye kadi ya pensheni au mwanafunzi wa kutwa anapunguziwa nusu. Aombe safari za kipindi kimoja, mfano miezi sita, jumla kwa kila diwani, na risiti za safari zile tu anazozitilia shaka. Akinyimwa, aombe uamuzi uangaliwe upya ndani ya siku 20 za kazi kwa dola 40, au aende kwa Kamishna wa Habari wa jimbo ndani ya siku 40 za kazi, hiyo bure.

Ila mwambie na hili, la baraza lao la mtaani asilianzie kwenye fomu. Yeye ni memba, ana kiti na ana kura. Aende kikaoni, anyooshe mkono, aulize hesabu, na aseme swali lake liandikwe kwenye minitsi. Watu wanalalamika jikoni mwaka mzima halafu siku ya mkutano mkuu wako kwenye barbekyu.

Mwalimu, mi niko Mombasa naandika tasnifu kuhusu ardhi ya jamii, nataka kulinganisha Kenya na huko Australia. Naweza kuomba makaratasi yao nikiwa huku huku au mpaka niwe raia? *(Msomaji, Mombasa)*

Unaweza. FOI ya kule inasema kila mtu, haijasema raia, haijasema mkaazi. Hapo wametupita, maana sheria yetu ya Kenya ya 2016 haki hiyo imempa raia, na ya Tanzania ya mwaka huo huo vilevile. Kwa hiyo wewe wa Mombasa unaweza kumuomba NIAA wa Canberra barua, yeye akitaka ya Nairobi atafute Mkenya wa kumuombea.

Jambo moja tu, tumia imeili unayoifungua kila siku, siyo ile ya chuo unayoiangalia wakati wa mitihani. Zile siku 14 za kupunguza ombi nilizomwambia wa Darwin, zikipita hujajibu wanahesabu umeghairi, unaanza upya.