Mleta uzi, iache hiyo mashine ya 40 dukani

Mkuu, kama hela bado iko mfukoni, ikae hukohuko. Umeuliza mambo matatu: utoe injini ya nguvu farasi 15 ufunge ya 40 ili mashua yako ya mbao ya mita nane ipunguze kula mafuta, uchanganye oili gani kwenye petroli, na kama propela ya chuma ina faida. Nilipofika kwenye la kwanza tu tumbo likaniuma, kwa hiyo najibu hilo tu. Hayo maneno yako, "mashine kubwa haihangaiki, inakwenda kwa robo gesi", ndiyo hayohayo niliyouziwa mimi, tena na soda ya bure juu.

Mimi nipo Pangani. Mashua yangu ni ya mbao, nzito, pale inapokata maji ina mita saba na nusu. Napeleka watu Maziwe. Wanaopajua wanajua presha yake: ni fungu la mchanga, maji yakijaa hakuna kisiwa, kwa hiyo kila siku unakimbizana na maji kupwa. Nilikuwa na 15 ya kuchanganya oili. Kwenda ni saa moja na dakika ishirini, kurudi hivyohivyo, na safari nzima ilikula lita 13 au 14. Nikawa nalalamika! Nalalamikia lita 14! Ningejua ningeifunga ile mashine shada la maua.

Nikaenda Dar. Jamaa wa dukani akanitazama kwa huruma, akasema "bro, hiyo 15 unaitesa, ndiyo maana inakunywa." Fundi wake akaitikia kwa kichwa. Nikauza kiwanja cha mama watoto, ambacho leo kina nyumba ya watu, na kila tukipita pale anageuza shingo taratibu ananitazama mimi, si nyumba.

Siku ya kwanza nimefunga 40 nikavuta gesi yote. Omo, yaani mbele ya mashua, ikanyanyuka, vijana wakapiga kelele za furaha, mimi nikajiona kapteni wa meli ya vita. Sikugeuka nyuma. Ningegeuka ningeona tezi, yaani sehemu ya nyuma, imezama hadi maji yamebaki vidole vitatu kuingia ndani, na nyuma yetu kuna kilima cha wimbi kinatufuata kama deni. Nilifika Maziwe kwa saa moja kamili. Jioni nikapima madumu: lita 36.

Piga hesabu mwenyewe. Nimeokoa dakika ishirini kila upande, nimechoma lita 22 zaidi. Kwa petroli ya elfu tatu ni elfu 66 kila ninapotia nanga, na wageni hawakulipa hata shilingi moja ya ziada kwa kuwahi. Na nilifanya hivyo msimu mzima, wakuu. Msimu mzima! Nikampigia yule wa dukani, akasema mashine mpya lazima "ifunguke" kwanza, nivumilie. Nikavumilia. Baadaye akasema ni propela. Nikanunua propela, kwake. Mara ya tatu hakupokea simu.

Kilichoniokoa ni njaa ya mafuta, si akili. Ilikuwa maleleji, bahari imelala kabisa, tunataka kurudi kutoka Maziwe, kijana wangu akatumbukiza kijiti kwenye dumu akakitoa kimya. Zilibaki lita tisa hivi. Kwa mwendo wangu wa siku zote zinaishia nusu ya njia, na ndani nina familia ya watu sita na bibi mmoja aliyeshika tasbihi tangu asubuhi. Nikapunguza gesi kwa hofu tu. Nikapunguza tena. Kuna mahali mlio ulibadilika, omo ikashuka, kikombe cha kahawa kilichokuwa kinateleza kwenye benchi kikatulia. Nikageuka: kile kilima hakipo, maji yanaachana nasi pale tezini yakiwa laini. Simu inasoma kilomita 11 kwa saa. Tumeingia mtoni Pangani na zaidi ya lita moja bado iko kwenye dumu, na bibi akanisifu kwa uendeshaji wa heshima.

Ndipo nikaanza kuuliza watu wanaojua, si wanaouza. Mashua ya mbao ya kina kama zetu haipandi juu ya maji, inayapasua. Ikikimbia inachimba mawimbi mawili, la omo na la nyuma, na kadiri inavyokimbia yanaachana. Nafasi kati yake ikilingana na urefu wa mashua yenyewe, tezi inaangukia kwenye shimo na omo inabaki kuupanda mlima ilioutengeneza yenyewe. Kuanzia hapo unalipia mlima, si safari. Hesabu yake ni nyepesi: chukua urefu wa pale inapokata maji kwa mita, tafuta kipeuo cha pili, zidisha kwa 4.5, unapata kilomita kwa saa. Yangu ni 12 na kidogo. Yako, ikiwa chini ina mita saba, ni karibu 12. Bajaji iliyobeba simenti inakupita, ndiyo, lakini huo ndio mwendo wako usio na hasara, uwe na 15, uwe na 40, uwe na injini ya ndege. Na 40 ina uzito karibu mara mbili ya 15, wote umeutundika tezini, palepale panapozama.

Kwa haki, yule fundi hakuwa mwongo wa kila kitu. Boti yake yeye ni faiba nyepesi yenye tako bapa, ile ikipata nguvu inapanda juu na kuteleza, na ikihangaika katikati, omo juu tezi chini, ndipo inapokula zaidi. Kwa ile mashine kubwa ina maana. Lakini mimi nilimwambia mbao, tena nikamwonyesha picha! Aliangalia picha ya mashua akauza mashine ya faiba.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja, na nitairudia mpaka moderator anifungie: tazama nyuma, usitazame mbele. Vuta gesi mpaka wimbi la nyuma lianze kusimama, halafu rudisha kidogo hadi lilale. Hapo acha mkono.

Usiniamini mimi, pima. Jumamosi maji yakiwa yametulia, weka alama za lita kwenye dumu kwa kalamu ya wino mzito, simu isome kilomita, nenda kilomita tano gesi yote na urudi kilomita tano kwa mwendo huo wa wimbi lililolala. Gawa lita kwa kilomita, achana na lita kwa saa, hiyo ndiyo hesabu ya wauzaji. Halafu tupia humu majibu pamoja na picha ya mashua ikiwa mwendoni, ipigwe kutoka nyuma, nione tezi inakaaje.