Govi refu si ugonjwa, lisilorudi nyuma ndilo la kuangaliwa

Msomaji ameuliza: "Govi langu ni refu, linafunika kichwa hata uume ukisimama. Nikatwe?" Kwanza, je, linavutika? Kama linarudi nyuma bila maumivu na kwenda mbele bila kukwama, hapo hakuna cha kutibu. Kubaki au kutahiriwa ni hiari yako.

Usafi ni kila siku. Vuta govi taratibu mpaka uone mfereji ulio nyuma ya ukingo wa kichwa. Uchafu mweupe hujificha humo. Maji ya uvuguvugu yanatosha. Sabuni ya manukato huchubua, na wapo wanaotibu fangasi miezi kadhaa kumbe ni sabuni. Kausha, kisha rudisha govi mbele. Ukikojoa, livute mpaka tundu lionekane, mkojo usibaki ndani.

Likibana, daktari huanza na dawa ya kupaka ya steroidi, mara nyingi betamethasoni ya asilimia 0.05. Paka kidogo kwenye ule mduara unaobana tu, mara 2 kwa siku, wiki 4 hadi 8, huku ukilinyoosha kwa upole. Ukisikia maumivu, umezidisha. Wenye haraka hulichana. Kidonda huacha kovu, kovu halinyumbuki, na govi hubana kuliko mwanzo. Ngozi ikiwa nyeupe na ngumu kama karatasi, usinyooshe chochote kabla ya kupimwa.

Govi lililokwama nyuma ni dharura. Damu inaingia kwenye kichwa lakini haitoki vizuri, uvimbe unaongezeka. Bana kichwa kwa kiganja dakika 5 hadi 10 kipungue, kisha kisukume ndani kwa vidole gumba huku ukivuta govi mbele. Likigoma, hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane. Aibu isikucheleweshe.

Na govi lililokuwa zima likianza kuwasha na kupasuka kila mara ukubwani, pima sukari. Kisukari hujitokeza hivyo kwa baadhi ya wanaume.

Ukichagua tohara, nenda kwa mtaalamu. Kaa bila ngono wala punyeto wiki 6, hata kama kidonda kinaonekana kimekauka. Uume ukisimama usiku na kuvuta nyuzi, amka ukakojoe, kisha tembeatembea mpaka utulie.