Okello na Mapinduzi ya Zanzibar: kiongozi au sauti ya redioni?

Kwenye swali la nani hasa aliongoza Mapinduzi ya Zanzibar wanahistoria hawajakubaliana mkuu, na mwenye kukwambia John Okello, yule Mganda, ndo alipanga kila kitu anamfuata Okello mwenyewe, maana kitabu chake cha 1967 kimejaa mimi mimi mimi tu. Historia rasmi ya ASP (Afro-Shirazi Party, chama kilichoshika madaraka baada ya mapinduzi) inasema mipango ilikuwa ya Kamati ya watu 14, Okello aliingizwa tu, akapewa redio atangaze ile Januari 12, 1964, lafudhi ya bara na cheo cha Field Marshal alichojipa vikatisha watu kweli kweli. Wapo wengine wanaoona kuna mkono wa Tanganyika nyuma yake.

Mi naona ukweli uko katikati, kwenye uvamizi wa bohari ya silaha ya polisi pale Ziwani wapo wanaomtaja kuwa mstari wa mbele, kwahiyo kumfanya mtangazaji tu ni kumpunja. Ila kumbuka hiyo historia rasmi iliandikwa na waliobaki madarakani, yeye mwezi wa tatu mwaka huohuo alishazuiwa kurudi Unguja, nani angemtetea?