Maji kwanza, ukumbi baadaye: maswali kuhusu vituo vya mchana vya watu wanaolala nje

Tuna kiwanja karibu na soko na mchango wa kuanzia. Tunataka kuwasaidia wanaolala barazani mwa maduka. Tujenge ukumbi au jiko? (Nakuru)

Vyote viwili visubiri. Chakula huokotwa, huombwa, hata hupewa. Pa kuogea hapaombwi. Mtu asiyeoga hapati kibarua, hapandi matatu, na zahanati humkalisha nje.

Pigeni hesabu ya watu 60 kwa siku: kuoga lita 15 kila mtu, kufua lita 10, na choo cha kumwagia maji lita 3, mara mbili. Hiyo ni lita 1,860. Tangi la lita 5,000 litawavusha siku mbili za mgao, lakini likijaa lina uzito wa tani 5, kwa hiyo jukwaa la mbao litawaangukia. Jengeni la mawe, kimo cha mita 2. Koki wekeni za plastiki, maana za shaba huishia kwa mnunuzi wa vyuma chakavu kabla wiki haijaisha.

Vyoo ni tundu 1 kwa watu 20, na vya wanawake viwe na njia yake ya kuingilia, isiyopita mbele ya wanaume. Milango ifungukie nje, na chini iache nafasi ya sentimita 15. Mtu akizidiwa na kifafa au dawa, miguu yake itaonekana, na mwili wake hautauzuia mlango. Maji ya kufulia yapelekeni kwenye shimo la kokoto. Mkiyaelekeza kwenye shimo la choo, litajaa upesi na bei ya gari la kunyonya mtaijua.

Kontena la futi 20 litalaza watu wangapi? (Eldoret)

Ndani lina mita za mraba 14 hivi. Kwa kipimo cha 3.5 kwa mtu, ni wanne. Nimeona michoro ya kulaza kumi na wawili. Jua la mchana hulifanya tanuri, na hewa isiyopita ni karamu ya kifua kikuu. Chumba chochote cha watu wengi kiwe na madirisha pande mbili zinazotazamana, na sehemu inayofunguka isipungue asilimia 20 ya sakafu.

Tutengeneze vipi benchi ambazo chokoraa hawawezi kulalia? (Mombasa)

Sitengenezi. Na hilo jina liacheni. Benchi ya kituo ni urefu wa sentimita 180, upana 45, ya mbao, chini ya kivuli, kwa sababu aliyekesha akilinda viatu vyake usiku kucha hulala mchana.

Wavuta gundi tuwafungie nje? (Nairobi)

Mtu aingie, chupa ibaki kwenye sanduku getini, nje, achukue akitoka. Mkimnyang'anya hatarudi, na gundi atapata nyingine jioni hiyo hiyo. Ila moto msiufanyie mzaha: mvuke wa toluini, kiyeyushi kilichomo kwenye gundi, ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni, hushika moto kwa jiko lililo mbali na chupa. Jiko likae nje, upande unakotokea upepo, ili mvuke wa sanduku usipeperushwe kwenye jiko.

Mkiwajengea si wataongezeka? (wengi)

Jamani, tena? Sensa ya mwaka 2018 ilihesabu watu 46,639 wa familia za mitaani nchini Kenya. Hakuna aliyehamia barazani kwa kufuata bafu lenu.

Tuliweka makabati 40 ya mizigo. Hayatumiki. (Kisumu)

Mnafungua saa ngapi? Mmeandika saa tatu asubuhi. Anayebeba mizigo sokoni ameshaondoka saa kumi na moja alfajiri, na hawezi kubeba gunia la watu huku lake likimning'inia begani. Fungueni saa kumi na nusu, hata kama ni dirisha la mizigo tu. Milango ya makabati iwe ya wavu wa chuma, si bati: chakula kinachooza kitaonekana, na askari wa kaunti hatakuwa na kisingizio cha kuvunja kufuli ili apekue. Kufuli awe nayo mwenye mzigo. Funguo zikiwa zote kwa mlinzi, siku akiugua, watu 40 hawana blanketi. Na kabati moja kubwa lenye rafu liwe la karatasi pekee: kitambulisho, kadi ya kliniki, cheti cha mtoto. Karatasi hizo ndizo huliwa na mvua kwanza, na kuzipata upya huchukua miezi.